Ngozi Haijibu Papo Hapo: Dhana Potofu Kuhusu Kujaribu Faundesheni Mpya

Siku ya kwanza faundesheni mpya ilikaa vizuri usoni. Ya pili pia. Siku ya nne niliamka kope zimevimba, mashavu yamekaza na pembeni mwa pua kunawasha hata nikashindwa kuacha kujikuna. Nikailaumu sabuni ya uso niliyoinunua wiki hiyohiyo, nikaitupa. Faundesheni mpya nikaendelea nayo, tena nikaongeza tabaka la pili ili kuficha vipele. Zilipita wiki tatu ndipo nikaelewa kwamba kile nilichokuwa nafunikia ndicho kilichokuwa kinaniumiza.

Naandika kwa ajili ya mwenye ngozi kama yangu: nyeti, yenye mabaka, inayochokozeka upesi na kupoa polepole. Mengi tunayoambizana kuhusu kujaribu faundesheni yana chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanatuponza.

"Nimeipaka dukani, haikuniwasha, basi inanifaa"

Ningepewa nafasi ya kung'oa dhana moja tu, ningeanza na hii.

Ngozi hukataa kipodozi kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni mchokozo wa moja kwa moja: kitu kikali kimeiunguza au kuikausha, na mara nyingi utahisi ndani ya dakika au saa chache. Ya pili ni mzio (aleji) wa kugusana, na hapa anayehusika ni mfumo wa kinga. Mtu ambaye tayari mwili wake unaikataa kemikali fulani huanza kuona vipele na muwasho baada ya siku moja hadi tatu hivi. Anayekutana nayo kwa mara ya kwanza, mwili wake huhitaji siku 10 au zaidi ili ujifunze kuikataa. Dakika tano mbele ya kioo cha duka hazitakuonyesha mzio wa namna hiyo.

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, American Academy of Dermatology, kinashauri jaribio la nyumbani ambalo halina gharama. Paka bidhaa kwenye eneo dogo la mkono, upande wa ndani au kwenye mkunjo wa kiwiko, mahali ambapo haitafutika. Eneo liwe na ukubwa wa sarafu, na unene uwe uleule utakaoutumia usoni. Rudia mara mbili kwa siku kwa muda wa siku 7 hadi 10, kila mara ukiiacha ikae kwa saa zilezile ambazo ingekaa usoni. Mimi huongeza hatua moja: mkono ukitulia, naipaka chini ya sikio, pale taya linapoanzia, kwa siku mbili tatu zaidi, kwa sababu ngozi ya uso huchokozeka upesi kuliko ya mkono.

Na muda wote huo usianze kitu kingine kipya. Sabuni mpya, losheni mpya na faundesheni mpya zikiingia wiki moja, vipele vikitokea hutajua ni ipi. Ndivyo sabuni yangu ilivyotupwa bila kosa.

Jaribio hili la nyumbani halichukui nafasi ya kipimo cha daktari wa ngozi. Yeye hubandika vibandiko vyenye vizio mbalimbali, yaani vitu vinavyoleta mzio, mgongoni, huvibandua baada ya saa 48, kisha hukuita tena siku chache baadaye kuangalia ni kiambato gani hasa kimeacha alama. Mkono wako utakwambia chupa hii ina shida au haina. Mgongo ndio utakaokwambia ni kitu gani ndani ya chupa.

"Boksi limeandikwa haileti mzio"

Maneno hayo yana historia. Mwaka 1975, FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula, dawa na vipodozi, ilitoa kanuni ya kuwataka watengenezaji wafanye majaribio kwa binadamu kabla ya kuyaandika. Watengenezaji wa vipodozi wakaipinga mahakamani, na Desemba 1977 mahakama ya rufaa ikaitengua. Hadi leo nchini humo hakuna tafsiri ya kisheria inayombana anayeyaandika. Maneno "haizibi vinyweleo" nayo hayana kipimo kimoja kilichowekwa kisheria. Sisemi kwamba wote wanaoyaandika wanadanganya, kwani wapo wanaofanya majaribio kwa dhati. Lakini uliposimama kwenye rafu huwezi kuwatofautisha kwa kusoma sehemu ya mbele ya boksi, kwa hiyo ligeuze usome nyuma.

Huko nyuma, anza na manukato. "Bila harufu" na "bila manukato" si kitu kimoja. Bidhaa isiyo na harufu inaweza kuwa imetiwa manukato kidogo ili kuua harufu ya viambato vingine. Ukiona "parfum" au "fragrance" kwenye orodha, neno hilo moja huweza kubeba makumi ya kemikali. Umoja wa Ulaya uliliona tatizo hilo: sheria yake ya 2023 imepandisha idadi ya vizio vya manukato vinavyopaswa kutajwa kwa jina kutoka 26 hadi zaidi ya 80.

Kisha angalia vihifadhi. Methilisothiazolinoni, kihifadhi kilichosambaa sana miaka ya 2000, kiliwaletea watu wengi mzio hata Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku mwaka 2017 kwenye vipodozi vinavyobaki juu ya ngozi. Vihifadhi kwa jumla havina budi kuwepo, maana faundesheni yenye maji isipokuwa navyo huota bakteria na ukungu. Cha kujua ni kipi ngozi yako inakikataa.

"Ya asili ni salama"

Mafuta ya lavenda ni ya asili. Mafuta ya maganda ya machungwa ni ya asili. Yote mawili yana viambato, linaloli na limonini, ambavyo vikikutana na hewa hubadilika na kuwa vizio vikali kuliko vilivyokuwa chupa ilipofunguliwa. Kwa upande mwingine, silikoni inayosemwa vibaya kila mahali ni miongoni mwa vitu ambavyo ngozi nyeti huvivumilia vizuri. Ngozi haiulizi kitu kimetoka mtini au maabara.

"Nimeitumia miaka mingi, haiwezi kuwa ndiyo"

Inaweza. Mzio huweza kuanza baada ya miaka ya matumizi, na watengenezaji hubadilisha viambato bila kubadilisha sura ya chupa. Pia usiishie kwenye faundesheni tu. Sponji za mpira huweza kuleta mzio usoni. Rangi ya kucha huweza kukuvimbisha kope huku vidole vyenyewe vikiwa salama kabisa, kwa sababu ngozi ya kope ni nyembamba mno na mikono yetu haiishi kugusa uso. Kabla hujaihukumu chupa, jiulize pia ni nini kingine kinaufikia uso wako.

"Hakuna wekundu, kwa hiyo hakuna shida"

Hapa naomba wenye ngozi nyeusi tusikilizane. Maelezo mengi ya mzio yameandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, ambayo ikichokozwa huwa nyekundu. Yetu ikichokozwa huonekana zambarau, kahawia iliyoiva, au hata kijivu, na wakati mwingine rangi haibadiliki kabisa kwa macho. Usiangalie tu, papasa. Tafuta joto, ukavu, vijipele vidogo kama punje za mchanga, mkazo usiokuwepo jana.

Kuchelewa kuligundua hilo kuna gharama kwetu. Kila uvimbe unaopona kwenye ngozi nyeusi huweza kuacha doa linalokaa miezi, kwa sababu uvimbe huzisukuma chembe za rangi kutengeneza rangi zaidi. Mtu anatafuta faundesheni ya kufunika mabaka, anapata inayomchokoza, na inamwachia mabaka mengine. Ndiyo maana siwezi kulichukulia jambo hili kama urembo tu.

"Ngozi yenye mabaka inahitaji faundesheni nzito"

Lazima kwanza tutenganishe mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja. Kuna uso usio sawa kwa rangi na uso usio sawa kwa umbo: vishimo, makovu ya chunusi, magamba. Faundesheni hufunika rangi. Umbo haiwezi kulifunika, na ikiwa nzito ndiyo kabisa hulitangaza, kwa kuwa hutuama kwenye vishimo na kung'ang'ania magamba.

Kwa rangi, kinachosaidia ni kushughulikia doa peke yake. Juu ya doa jeusi lenye ubluu au ukijivu, gusa kidogo kisahihishi, yaani krimu ya kurekebisha rangi, chenye rangi ya chungwa: uchungwa wa kukolea kwa ngozi nyeusi, wa kupauka kwa ngozi nyeupe. Kisha weka faundesheni nyepesi juu yake kwa kugongagonga na ncha ya sponji yenye unyevu, usiburuze. Sehemu zisizo na doa ziachie tabaka jembamba sana. Ukiziba uso mzima kwa ajili ya madoa matano, unaongeza pia kiasi cha kemikali inayokaa juu ya ngozi nyeti kutwa nzima.

Rangi usiijaribie nyuma ya kiganja. Mkono una rangi yake, uso una yake. Chora mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana kutoka shavuni hadi shingoni, toka nje kwenye mwanga wa mchana, subiri robo saa. Faundesheni nyingi hukolea au kugeuka uchungwa zinapokauka na kuchanganyika na mafuta ya ngozi, na rangi iliyokupendeza ndani ya dakika ya kwanza siyo utakayokuwa nayo saa sita mchana. Mstari unaopotea ndio wako. Kwa mwenye mabaka, paji na mashavu mara nyingi hutofautiana, basi lenga shingo na ukingo wa taya, usilenge doa jeusi wala sehemu iliyopauka.

"Ina SPF, sihitaji kitu kingine"

Namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga dhidi ya jua, hupimwa kwa miligramu 2 za bidhaa kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Hakuna anayejipaka faundesheni kwa unene huo, na ukipaka pungufu kinga hupungua. Mafuta ya kukinga jua yatangulie.

Hata hivyo hapa kuna habari njema ambayo haisemwi vya kutosha. Mabaka, hasa melasma (mabaka ya kahawia yanayotokea usoni), huchochewa pia na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, na kwa ngozi nyeusi athari yake ni kubwa zaidi. Mafuta mengi ya kukinga jua yasiyo na rangi huuacha mwanga huo upite. Oksidi za chuma, yaani zile rangi nyekundu, njano na nyeusi zinazochanganywa kuipa faundesheni ukahawia wake, huuzuia kwa kiasi. Kwa hiyo faundesheni inayokufaa, juu ya mafuta ya jua, inaweza kuwa sehemu ya kuyatunza mabaka yako.

Na ile ya kwamba ngozi inashindwa kupumua ukipaka faundesheni? Ngozi haina mapafu, na sehemu kubwa ya oksijeni yake huletwa na damu. Kinachoiumiza ni kulala nayo bila kunawa, na kutumia sponji ambayo haijaoshwa wiki nzima. Chupa ya kujaribia dukani nayo imeguswa na vidole vingi, hivyo omba ichotwe kwa kijiti kisafi.

"Acha iwashe, ngozi itazoea"

Haitazoea. Mzio ukiendelea kulishwa huzidi. Nawa, acha bidhaa zote isipokuwa sabuni laini na mafuta mepesi yasiyo na manukato, na uipe ngozi wiki chache. Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikabana, hiyo ni dharura, nenda hospitali wakati huohuo. Na usijitibu kwa krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, uliyopewa na jirani. Itatuliza haraka, ndiyo, lakini ikitumika usoni muda mrefu bila usimamizi hupunguza unene wa ngozi, na siku ukiiacha uso huweza kuwaka kuliko mwanzo.

Nilipofika kwa daktari, swali lake la kwanza lilikuwa: boksi liko wapi? Nilikuwa nimelitupa siku ileile niliyolifungua, na chupa yenyewe haikuwa na orodha ya viambato. Tukaanzia vibandiko vya mgongoni, na kilichoacha alama kilikuwa mchanganyiko wa manukato. Siku hizi kila faundesheni ninayoijaribu naipiga picha nyuma ya boksi kabla sijaifungua, na tarehe ya kuanza naiandika kwa kalamu chini ya chupa.