Kula kidogo hakumrahisishii binti uzazi

Wengi huamini kwamba binti mjamzito akipunguza chakula, mtoto atakuwa mdogo na kujifungua kutakuwa kwepesi. Nia ni njema: kumwepusha na uchungu mrefu na upasuaji.

Lakini msichana wa miaka 15 bado anakua mwenyewe, na nyonga, anamopita mtoto, huendelea kupanuka hata baada ya urefu kusimama. Ukuaji huo huongozwa na homoni ya ukuaji, ambayo hulichochea ini kutengeneza homoni nyingine inayokuza mwili, IGF-1. Kuanzia katikati ya ujauzito, kondo la nyuma hutoa homoni yake ya ukuaji na kuchukua nafasi ya ile ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Chakula kikipungua, hasa protini, ini huacha kuitikia vizuri: agizo la homoni ya ukuaji lipo, lakini IGF-1 inashuka. Hapo mama na mtoto wote hupungukiwa. Mtoto anaweza kuzaliwa chini ya kilo 2.5, na njaa haiongezi nyonga hata kidogo.

Huhitaji kipimo cha homoni. Soma kadi ya kliniki: baada ya mwezi wa tatu, aliyeanza na uzito wa kawaida huongezeka karibu nusu kilo kwa wiki. Kiwango cha damu (hemoglobini) chini ya 11 g/dl mwanzoni mwa ujauzito ni upungufu wa damu. Mzingo wa mkono wa juu usiofika sentimita 23 ni sababu ya kumwuliza mkunga mapema. Dagaa, maharage na mayai vinasaidia sana. Chai inywewe mbali na vidonge vya madini ya chuma, kwani hupunguza ufyonzwaji wake.