Bandari ya Barry kule Wales: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Ukiutafuta mji wa Barry mtandaoni leo utaletewa ufukwe, bembea na watoto na ndoo zao za mchanga, basi watu wanamaliza hapohapo wanasema ni mji wa kwenda kula bata wikiendi. Upo kusini mwa Wales, kama kilomita 14 tu kutoka Cardiff, na historia yake ni nzito kuliko hizo picha. Inaniuma inavyopotoshwa.

"Cardiff ndo ilikuwa bandari kuu ya makaa ya mawe."

Kwa muda mrefu wa karne ya 19, sawa. Lakini mwaka 1913 Barry ilipakia zaidi ya tani milioni 11 za makaa, ikaipita Cardiff na kuwa namba moja duniani kwa kusafirisha makaa nje. Na usisahau kwamba mwaka 1881 hapo palikuwa na vijiji vyenye watu mia kadhaa tu, kufika 1901 pana watu kama 27,000. Meli za mvuke zilizokuja Zanzibar na Mombasa kwa njia ya Suez zilikuwa zinajaza makaa Port Said na Aden, na huko makaa ya kusini mwa Wales ndo yalikuwa na jina, yanawaka kwa joto kali na moshi wake kidogo.

"Serikali ya Uingereza ndo iliijenga."

Hapana. Barry imezaliwa na ugomvi wa biashara. Wenye migodi ya bonde la Rhondda walichoshwa na bandari ya Cardiff iliyokuwa chini ya ukoo wa kina Bute, ushuru juu, mabehewa yanapanga foleni, meli zinasubiri nje, na kila siku ya kusubiri ni hela inapotea. Aliyesimama mbele ni David Davies wa Llandinam, mtu aliyeanza maisha akipasua mbao, akaja kuwa mkandarasi wa reli na mwishowe mwenye migodi. Muswada wao wa 1883 wa kuomba ruhusa ya kujenga bandari uligonga mwamba bungeni, wakarudi tena 1884 ukapita, mwaka huohuo wakaanza kuchimba na Julai 1889 bandari ikafunguliwa, tena wakiwa na reli yao wenyewe hadi Rhondda. Sanamu yake bado ipo mbele ya jengo la ofisi za bandari, kichwa wazi, anaangalia ramani aliyoishika mikononi.

"Walibahatika tu kupata bandari nzuri ya asili."

Bahari ya pale ni ngumu jamani. Mombasa siku za bamvua kubwa maji yanapanda na kushuka kama mita 4 hivi, Barry ni zaidi ya mita 10! Maji yakitoka, yametoka kweli, unabaki na matope. Kwa hiyo ilibidi wachimbe bwawa kubwa la kuegesha meli na kulifungia malango ili maji yabaki ndani hata bahari ikikauka nje, na 1898 wakaongeza lango refu lenye kina ili meli zisilazimike kungoja maji kujaa. Ndani ya bwawa, mashine zilikuwa zinanyanyua behewa zima na kulimimina kwenye meli, na chini ngamani kuna watu na makoleo wanayasambaza makaa kwenye kona zote, vumbi mpaka kooni, maana shehena ikikaa upande mmoja meli inapinduka baharini. Hawa ndo watu ambao picha za ufukweni hazionyeshi.

Halafu hiki kinachoitwa Kisiwa cha Barry, wengi wanadhani ni jina la kuvutia watalii. Kilikuwa kisiwa kweli, na ujenzi wa bandari ndo uliokiunganisha na bara. Reli ikafika kisiwani 1896, wachimba makaa na familia zao wakaanza kumiminika kuogelea. Kwa hiyo utalii haukuja kuziba pengo baada ya makaa kufa, vilikua pamoja.

"Ulikuwa mji wa Wawelshi watupu."

Bandari gani hiyo? Walihamia watu kutoka kila kona ya Wales na Uingereza, na mabaharia weusi wakapanga vyumba na wengine wakaoa hapo. Juni 1919 vita imeisha, wanajeshi wanarudi, kazi melini hazitoshi, watu weusi wakashambuliwa Barry kama walivyoshambuliwa Cardiff na Newport. Wengi wao walikuwa wameitumikia Uingereza baharini wakati wa vita. Hili lisifichwe.

"Makaa yaliisha."

Makaa hayakuisha, kilichoisha ni soko. Meli zilihamia mafuta, wateja wa nje wakapata makaa kwingine, na mji uliotegemea shehena moja ukaumia vibaya. Baadaye zikaja ndizi za kampuni ya Geest kutoka visiwa vya Karibi, vikaja viwanda vya kemikali. Na ikaja yadi ya skrepa ya kina Woodham, ambayo wengi wanaisema kama makaburi ya treni za mvuke. Walinunua vichwa vya treni 297, ila kukata mabehewa ya mizigo ilikuwa rahisi zaidi wakaanza na hayo, vichwa vikabaki miaka vinakula kutu kwa chumvi ya bahari, mpaka wapenzi wa treni wakaanza kuchangishana na kuvinunua kimoja kimoja. Vikaokolewa 213, cha mwisho kimeondoka 1990. Yadi nyingine zilikata karibu vyote.

Na wanaosema bandari imekufa, haijafa, meli bado zinaingia, ingawa ni ndogo mno ukilinganisha na 1913. Presha sasa ipo kwenye kemikali, maana 2025 kampuni ya Dow ilitangaza kufunga uzalishaji wa malighafi za silikoni hapo Barry katikati ya 2026.