Saplimenti za kabla ya mazoezi: hizo nguvu zinatoka wapi?

Vijana wa jimu hapa Kampala, na hata wakimbiaji wa Kapchorwa, wanatuuliza sana kitengoni kwetu cha lishe ya michezo kama ule unga wa kopo wa kukoroga na maji kabla ya mazoezi unasaidia kweli ama ni biashara tu. Unasaidia, ila kinachokupandisha siku hiyohiyo karibu chote ni kafeini, ileile iliyo kwenye kahawa ya Bugisu tunayouza nje kwa magunia halafu tunakuja kununua kafeini ya kopo lenye picha ya misuli.

Kafeini inaziba zile njia za ubongo za kupokea uchovu, ndio maana mwendo uleule unauona mwepesi. Kipimo kinachosaidia ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili, kama saa moja kabla, kwa hiyo mtu wa kilo 60 akipata 180 inamtosha, na vijiko vingi vya hayo makopo vina 150 hadi 300, sasa wewe unayeweka viwili eti ishike vizuri unaweza kupita 400 ambazo mtu mzima anashauriwa asizidishe kwa siku nzima, hapo moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, tumbo nalo linakuvurugikia katikati ya mbio. Na ukinywa saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku karibu nusu yake bado iko kwenye damu. Utalala saa ngapi?

Ule mwasho wa uso na masikio ni beta-alanini, kiungo kingine cha unga huo, wala sio dalili kwamba mambo yameiva. Yenyewe ili ifanye kazi inataka gramu 4 hadi 6 kila siku kwa wiki kadhaa, na kreatini, ile ya nguvu za misuli, gramu 3 hadi 5 kila siku, kwa hiyo kijiko cha Jumamosi peke yake ni hela imepotea.

Na jamani msiubwie mkavu kama wale wa TikTok, unapalia.

Kwa mnaopimwa dawa zilizokatazwa michezoni: WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa hizo, walitoa kafeini kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004, lakini DMAA, kichangamsho kikali, ni marufuku mashindanoni na imeshakutwa kwenye makopo ya aina hii, mwaka 2012 mkimbiaji mmoja alifariki kwenye London Marathon akiwa ameitumia. Ikikutwa kwenye mkojo wako ni yako, hata kama kwenye lebo haikuandikwa. Tafuta nembo ya Informed Sport, wale wanaopima saplimenti kama zina dawa zilizokatazwa, na ile namba ya bechi uihakiki kwenye tovuti yao kabla hujafungua kopo.