Je, wajua kwa nini trauti, samaki mwoga wa mlimani, humeza ndoano ya manyoya?

Simama asubuhi kando ya kijito cha milima ya Nyandarua, nchini Kenya, pale maji yanapopenya kati ya mawe mawili kisha yakatulia kidogo, uangalie. Huoni kitu. Changarawe, jani linalopita, kivuli cha mti. Piga hatua moja tu mbele, na kitu chenye urefu wa kiganja kitachomoka ubavuni mwa jiwe na kupotea. Huyo ndiye trauti. Alikuwa hapo muda wote, na alikuona kabla hujamwona.

Sasa ajabu ni hii: samaki huyo huyo anayekimbia kivuli cha mtu hupanda juu na kumeza ndoano iliyofungwa nyuzi na manyoya ya jogoo, isiyo na nyama wala harufu. Wavuvi huita chambo hicho nzi, ingawa mara nyingi hafanani na nzi wa jikoni hata kidogo. Na wala si mbinu ya juzi. Karibu miaka 1,800 iliyopita, mwandishi wa Roma aitwaye Aelian aliwaeleza Wamakedonia waliozungushia ndoano sufu nyekundu na kuongeza manyoya mawili ya jogoo, wakavua samaki wa mtoni. Sufu na manyoya vilitosha wakati huo, na vinatosha leo.

Wengi hudhani siri iko kwenye ustadi wa kumwiga mdudu. Kwa kiasi fulani ni kweli, lakini kwenye kijito cha mlimani sababu kubwa ni njaa na mwendo wa maji.

Trauti wa kijitoni hazunguki kutafuta chakula. Angefanya hivyo mchana kutwa dhidi ya mkondo, angetumia nguvu nyingi kuliko anazopata. Hujibanza nyuma au mbele ya jiwe, mahali maji yamepoa mwendo, kichwa kikielekea yanakotoka, na kusubiri. Pembeni yake mkondo wenye kasi unapita kama barabara, umebeba kila kitu: vijiti, majani, wadudu. Kikipita kinachofaa, anachepuka, anadaka, anarudi kwenye kivuli chake.

Tatizo ni kwamba barabara hiyo haina mizigo mingi. Maji yanayotoka juu mlimani ni ya baridi na safi mno, na maji safi mno ni maji yenye chakula kidogo. Pindua jiwe uone. Utakuta mdudu bapa mwenye mikia mitatu amelikumbatia, ambaye hukaa majini kwa miezi kisha huota mabawa na kuishi siku moja au mbili tu. Kando yake pengine kuna kibomba kidogo cha chembe za mchanga zilizogandishwa pamoja. Ukitazama vizuri, kichwa cheusi kinachungulia. Ni kiwavi aliyejijengea nyumba kwa uzi wa hariri anaoutoa mwenyewe. Hao, pamoja na siafu, mende wa msituni na panzi wanaoangushwa na upepo, ndio chakula chote. Samaki anayechagua sana hapo atalala njaa, ndiyo maana wengi huishia kuwa wadogo.

Na muda wa kuchagua hana. Kwa sababu ya jinsi mwanga unavyopinda unapoingia majini, samaki huona ulimwengu wa juu kupitia duara moja tu lililo juu ya kichwa chake. Akiwa kwenye kina cha sentimita 30, duara hilo lina upana wa sentimita 68 hivi. Nje ya hapo, uso wa maji kwake ni kioo kinachomrudishia sura ya changarawe za chini. Mkondo ukienda mita moja kwa sekunde, kitu kinachoelea hulivuka duara hilo lote kwa muda usiofika sekunde moja. Jaribu wewe kuchagua embe kwenye gari linalopita kwa namna hiyo.

Hapa ndipo manyoya ya jogoo yanapofanya kazi yake. Mdudu anayesimama juu ya maji hubonyeza kile kioo kwa miguu yake, na samaki aliye chini huona vimeto vya mwanga hata kabla mdudu hajafika kwenye duara. Unyoya wa shingo ya jogoo ni mgumu na hauchukui maji haraka. Mfungaji anapouzungusha kwenye shingo ya ndoano, nyuzi zake husimama pande zote kama miguu na kubonyeza maji vilevile. Samaki haoni manyoya. Anaona vimeto anavyovijua vikimjia kwa mwendo anaoujua.

Akikosea, ana dawa moja: kutema. Samaki hana mikono, hivyo mdomo ndio wa kupapasia. Trauti hudaka vipande vya majani na vijiti na kuvitoa papo hapo, ndiyo maana mvuvi akichelewa kidogo tu kuinua ufito, hupata ndoano tupu na maji yaliyotikisika.

Kitu ambacho trauti hakisamehi ni mwendo usio wa kawaida. Mdudu wa kweli hana injini; huenda kama maji yanavyoenda. Mshipi ukilala kwenye mkondo wa kasi huku nzi wako yuko kwenye maji yaliyotulia, mshipi utatangulia na kumburuta, naye atachora mstari mdogo juu ya maji kama mashua. Samaki akiona hivyo, hata nzi awe mzuri namna gani, biashara imekwisha. Kwenye vijito vidogo mvuvi hodari hutoa mshipi mfupi sana na kuinua ufito juu, ili majini uguse uzi mwembamba wa mwisho tu.

Swali lingine linalofuata: kitu chepesi kama hicho, kisichofika hata gramu moja, kinarushwaje? Kwenye uvuaji wa kawaida, uzito ni wa chambo au kipande cha madini ya risasi. Ukirusha, chambo kinatangulia na kuvuta mshipi. Hapa mambo yamegeuzwa, uzito uko kwenye mshipi wenyewe. Ni mnene, umepakwa plastiki, na huenda ukipungua unene kuelekea mwisho, kisha huunganishwa na uzi mwembamba wa nailoni. Ukiusukuma ufito, mshipi hujikunja na kujikunjua hewani kama mjeledi, na ile nguvu husafiri hadi ncha. Nzi ni abiria tu. Akifika, nguvu imekwisha, hivyo hutua taratibu.

Lakini mjeledi unahitaji nafasi nyuma yako, na vijito vya Nyandarua hupita katikati ya mianzi minene. Hapo mvuvi hushika nzi kwa vidole viwili, akavuta ufito ukapinda kama upinde, akaachia. Japani wana ufumbuzi wao wa zamani uitwao tenkara: ufito mrefu usio na gurudumu la kukunjia, mshipi umefungwa moja kwa moja kwenye ncha. Ulitumiwa na wavuvi wa milimani kupata riziki, na mimi naona ndio unaofaa kijito kuliko vyote.

Kumkaribia pia kuna adabu zake. Trauti hutazama maji yanakotoka, na nyuma ya mkia kabisa haoni, kwa hiyo mvuvi hupanda kutoka chini, ameinama. Kuinama si maringo. Vitu vilivyo chini karibu na usawa wa maji hubanwa kwenye ukingo wa lile duara, vikawa vyembamba mno kuonekana.

Pengine unajiuliza trauti wamefikaje Kenya, maana wenyeji wa milima hii zamani hawakuwa watu wa samaki kabisa. Waliletwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa la Loch Leven huko Scotland, yakatiwa kwenye mto Gura, ule unaosifiwa kwa kasi yake. Safari ndefu vile iliwezekana kwa sababu mayai ya trauti hukua kwa kufuata joto. Kwenye nyuzijoto 10 huchukua siku 40 hivi kuanguliwa. Yakiwekwa kwenye baridi kali zaidi, husubiri kwa miezi. Baadaye wakaletwa trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini na Kamchatka huko Urusi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikajenga kituo cha kuangulia trauti Kiganjo, karibu na Nyeri. Wengi wa walio vijitoni leo wamezaliwa humo humo mtoni.

Hawashuki mbali, kwani wanazuiwa na joto. Maji ya nyuzi 10 hubeba oksijeni nyingi kuliko ya nyuzi 25, na trauti hustawi kati ya nyuzi 10 na 16. Yakipita 20 anaanza kuhema, yakikaribia 25 yuko mlangoni mwa kifo. Ndiyo maana maji yale yale ya mlimani yakifika Sagana na kupata joto, hapo ni himaya ya perege na kambare.

Si kila trauti anadanganyika kirahisi. Kusini mwa Uingereza kuna mito ya polepole inayotoka kwenye miamba ya chokaa, yenye majani na wadudu tele. Samaki wa huko ameshiba, ana muda, na humkagua nzi kwa karibu kabla hajamgusa. Wavuvi wake hubeba visanduku vyenye mamia ya nzi, kila mmoja na mdudu wake na mwezi wake. Kwenye Gura watatu wanatosha, na mmoja wao utampoteza kwenye mwanzi.

Nzi wengi wanaojaza visanduku hivyo vya Ulaya na Marekani hufungwa Kenya, kwenye karakana za Nairobi na vitongoji vyake. Ndoano inabanwa kwenye jiliwa dogo, uzi unazungushwa, mkia wa nyuzi chache, mwili wa manyoya ya sungura, unyoya wa jogoo mizunguko mitatu au minne, fundo, tone la gundi. Kisha huwekwa kwenye pakiti na kupanda ndege. Mayai yalikuja kwa meli kutoka Scotland. Nzi ndio wanaokwenda huko.