Cheti cha ndoa pekee hakitoshi kupata viza ya Marekani
Ujumbe unaozunguka kila mara katika makundi ya WhatsApp ya Kisumu na Nakuru unadai kwamba mke au mume wa Mmarekani akiwa na cheti cha ndoa na picha za harusi, viza haiwezi kukataliwa. Si kweli. Cheti kinaonyesha tu kwamba ndoa ilifungwa kisheria, si kwamba ni ndoa ya kweli. Soma maelekezo ya fomu I-130, ile ambayo Mmarekani hujaza kumwombea mwenzi wake, yapo bure mtandaoni: kama ushahidi wa ndoa ya kweli yanataja mkataba wa nyumba wenye majina yenu nyote wawili, fedha mnazotumia pamoja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wenu, viapo vya wanaoijua ndoa yenu. Watu huchanganyikiwa kwa kuwa huku kwetu cheti humaliza maswali mengi. Inauma wanandoa wa kweli wakienda mikono mitupu. Tafadhali, usiusambaze tena ujumbe huo.