Kabla Hujalala Kwenye Meza ya Kairopraktiki

Video za watu wanaozungushwa shingo mpaka ilie "ko!" zimejaa kwenye simu zetu, na sasa wagonjwa wanakuja kliniki za kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma pingili na viungo kwa mikono, wakiisubiri sauti hiyo. Isiposikika wanaondoka na mashaka. Ikisikika wanauliza, "Daktari, umeingia?" kana kwamba mfupa ulikuwa umetoka. Haukuwa umetoka. Pingili za mgongo zimefungwa kwa kano na misuli imara, na pingili iliyohama kweli baada ya ajali ni dharura ya hospitali. Sauti ile ni ya gesi: ndani ya kiungo mna ute, na kiungo kikivutwa ghafla mgandamizo hushuka, kukatokea uvungu wa gesi. Unaweza kupata nafuu bila mlio wowote, na ukasikia milio mingi usipate nafuu.

Fani hii ilianza mwaka 1895 mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Daniel David Palmer alisukuma pingili ya mgongo wa Harvey Lillard, mfanya usafi aliyekuwa na tatizo la kusikia, akadai kuwa usikivu umerudi. Palmer aliamini pingili zilizokaa vibaya ndizo chanzo cha karibu kila ugonjwa. Mwaka 2010 baraza linaloisimamia fani hiyo Uingereza, General Chiropractic Council, lilitamka kuwa hakuna ushahidi wa utafiti wa kitabibu unaounga mkono dai hilo. Nalitaja mapema kwa sababu bado wapo wanaoahidi kuponya kisukari, pumu na ugumba kwa kunyoosha mgongo. Ukikuta bango la namna hiyo, pita.

Kinachobaki ni kidogo, ila ni cha kweli. Mwaka 2017 chama cha madaktari cha American College of Physicians kiliweka tiba ya kusukuma mgongo kwa mikono miongoni mwa mambo ya kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu ya kiuno. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, limeitaja pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Nafuu yenyewe ni ya wastani. Asikudanganye mtu.

Kliniki nyingi hujinadi kwa usahihi: mashine, picha, michoro ya kompyuta. Usahihi ninaoutaka mimi huanza na maswali. Maumivu yalianzaje? Yanashuka hadi wapi? Yanakuamsha usiku? Umepungua uzito, unapata homa jioni, umewahi kutibiwa saratani? Unatumia dawa za kuyeyusha damu, au steroidi kwa muda mrefu? Kwetu Afrika Mashariki swali la kifua kikuu halirukwi. TB hula pingili polepole, na mgonjwa anaweza asikohoe hata siku moja; anachojua yeye ni kwamba mgongo unauma na dawa za duka la dawa hazisaidii. Mgongo wa namna hiyo ukisukumwa kwa nguvu unaweza kuvunjika na kumlemaza mtu. Hali ni hiyohiyo kwa mzee ambaye saratani ya tezi dume imefika mifupani. Kwa hiyo mtaalamu akitumia nusu saa kukuhoji bila kukugusa, usione anakupotezea muda.

Kisha upimwe. Utaambiwa utembee kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Ni kama mchezo, lakini mguu unaoshindwa kutembelea kisigino unaelekeza kwenye neva (mshipa wa fahamu) ya tano ya kiuno, na unaoshindwa kunyanyuka kwa vidole unaelekeza kwenye neva ya kwanza ya sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno. Utalala chali, mguu unyanyuliwe ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka kupita goti kabla mguu haujafika nyuzi 70, tunashuku diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili na pingili, inabana neva. Kinyundo cha mpira kitagonga goti na nyuma ya kifundo cha mguu. Matokeo yaandikwe, tena kwa namba: ukiinama vidole vinafika wapi, unaweza kukaa dakika ngapi kabla maumivu hayajaanza. Bila kumbukumbu ya siku ya kwanza, wiki ya tatu mtabaki kubishana kwa hisia.

Eksirei si lazima. American Chiropractic Association, chama cha wenye fani yenyewe, kinashauri wiki sita za kwanza za maumivu mapya ya kiuno zipite bila picha kama hakuna dalili za hatari. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa 2015 yaliangalia picha za watu wasio na maumivu yoyote: diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ukitundikiwa picha hiyo ukutani huku una hofu, utanunua chochote. Wapo pia wanaopima pembe za atlasi, pingili ya juu kabisa ya shingo, na kukuonyesha jinsi zilivyobadilika baada ya tiba. Waulize kama maumivu nayo yamebadilika. Na hata mikono hodari haiwezi kuchagua pingili moja peke yake. Mara nyingi kinacholia ni kiungo cha jirani.

Tiba ikianza, tarajia msukumo mfupi wa haraka, au mbinu za polepole ukiogopa, pamoja na mazoezi ya kwenda kufanya nyumbani. Kuuma kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida. Baada ya wiki chache zile namba zipimwe upya, na zisiposogea mpango ubadilishwe au upewe rufaa. Anayekutaka ulipie mahudhurio ya mwaka mzima siku ya kwanza amekuchambua mfuko. Muulize pia alisomea wapi: Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wa 2005, lilitaka mafunzo kamili ya fani hii yasipungue saa 4,200. Barani kwetu yanatolewa na vyuo vya Durban na Johannesburg.

Shingo ina sharti lake. Kuizungusha kwa nguvu kumewahi kuhusishwa na kuchanika kwa mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, jambo la nadra ambalo huweza kuleta kiharusi. Una haki ya kuelezwa hilo kwanza na kukataa. Ukipata kizunguzungu kikali, kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito au kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kukizoea, iwe kabla au baada ya tiba, nenda hospitali saa hiyohiyo. Nenda vilevile kama una maumivu ya kiuno na mkojo umegoma, haja kubwa inatoka bila kujijua, au kuna ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani. Hapo neva za chini zinabanwa, na kinachohitajika ni daktari wa upasuaji siku hiyo, wala usipitie kwa mkandaji kwanza.