Ajira ya Msimu Nayo Ni Ajira

Kila mwaka masika yanapoanza na magari ya watalii yakaegeshwa, benchi la mapokezi katika ofisi yetu ya kazi hapa Arusha hujaa. Madereva, wapishi wa kambi na wahudumu wa nyumba za wageni za Njiro na Sakina huja na lalamiko linalofanana: walifanya kazi tangu Juni, na sasa wameambiwa wakae nyumbani mpaka watakapopigiwa simu. Tukiuliza mkataba, tunajibiwa kwamba walielewana kwa mdomo.

Hatuamini kwamba waajiri wa mkoa huu wana nia mbaya. Safari moja ya siku tano kwenda Serengeti humpa kazi dereva, mpishi, fundi wa magari, mfua mashuka na muuza mboga wa Soko la Kilombero, na hakuna afisa wa kazi anayetaka mnyororo huo ukatike. Hata hivyo, mtu aliyefanya kazi misimu sita bila kuandikwa popote hubaki, machoni pa benki na pa mfuko wa hifadhi ya jamii, kama mtu asiyewahi kuajiriwa. Ukuaji wa utalii wa namna hiyo humpitia mlangoni bila kuingia ndani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, anapoanza kazi, maelezo ya maandishi yanayotaja jina, umri, anuani ya kudumu na jinsi yake, mahali alipoajiriwa, aina ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi na ujira. Maelezo hayo hutunzwa kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Wapo waajiri wanaodhani kwamba pasipo karatasi hapana deni. Ni kinyume kabisa: shauri likifunguliwa na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalodaiwa.

Kuna pia hii hadithi kwamba mfanyakazi wa msimu usiofika miezi sita hana haki yoyote, ambayo tumechoka kuisahihisha. Ni kweli kwamba aliyemtumikia mwajiri mmoja kwa muda usiofika miezi sita hawezi kudai kuachishwa kazi isivyo halali. Lakini miezi hiyo huhesabiwa kwa mwajiri yuleyule, iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi, kwa hiyo kuukata msimu vipande viwili hakumwokoi mtu. Vivyo hivyo, aliyeitwa kazini zaidi ya mara moja katika mwaka, na jumla ya muda wake ikazidi miezi sita, ana haki ya likizo yenye malipo. Notisi nayo ina vipimo vyake: siku 7 ajira inapovunjwa ndani ya mwezi wa kwanza, baada ya hapo, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi.

Waajiri wadogo hutuambia kwamba wakiwaandikisha watu wao, makato yatawamaliza. Tunawaomba wapige hesabu kabla ya kulalamika. Mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, ambayo kwa kawaida nusu yake hutoka kwa mfanyakazi mwenyewe. Gharama ipo, hatuifichi, ila si ile inayosimuliwa vijiweni.

Kwa wafanyakazi, tatizo kubwa ni kuchelewa. Madai ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Anayesubiri simu ya bosi mpaka Juni hujikuta nje ya muda. Mlalamikaji hujaza Fomu Namba 1, humpa mwajiri nakala, kisha huiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri ameipokea. Wengi hurudishwa kwa kukosa uthibitisho huo tu. Aliyechelewa huambatanisha fomu yenye sababu za kuchelewa, na "sikujua" ni sababu dhaifu. Usuluhishi hupewa siku 30, isipokuwa pande zote mbili zikubaliane kuongeza, na ukishindikana shauri huendelea kwenye uamuzi.

Mwajiri aliyepewa na afisa wa kazi amri ya utekelezaji, yaani ya kumtaka atimize sheria za kazi, naye anaweza kuipinga kwa maandishi kwa Kamishna wa Kazi ndani ya siku 30. Kuifungia amri hiyo kwenye droo si kuipinga.

Mfanyakazi anayekuja kwetu bila mkataba aje na chochote kinachoonyesha siku alizofanya kazi: ujumbe wa malipo kwenye simu, kitambulisho cha kazini, ratiba ya safari yenye jina lake.